Mzee wa Moja, Mbili, Tatu, Tatu

Anayetaka kutembea kwa miguu pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Jambiani hadi Michamvi Pingwe, asianze kwa kuuliza kilomita. Kilomita ni kama 20 tu. Aulize mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, bamvu, yaani kule kujaa na kukauka kwa maji, linakuwa kubwa: maji hukauka mnamo saa nne asubuhi, hujaa mnamo saa kumi jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Toka saa mbili kabla ya maji kukauka, umalize saa mbili baadaye. Hizo ndizo saa nne za mchanga ulioshikana, ambao mtu mwenye miaka yangu anakwenda kilomita tano kwa saa bila kuhema. Ukichelewa utapandishwa juu kwenye ule mchanga mweupe wa kwenye picha, ambao guu linazama mpaka kifundoni. Mchanga ule ni wa kulaliwa, si wa kutembelewa.

Wakati wa kusi anzia Jambiani, upepo ukusukume mgongoni. Wakati wa kaskazi anzia Pingwe. Vaa raba kuukuu zenye soli ngumu, maana kandambili zitang'oka vizibo kwenye tope kabla hujafika Paje. Chukua maji lita tatu, tende, mkate wa mofa ambao hauharibiki kwa joto, na simu uitie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Shika bakora. Yangu nimeipaka mistari ya rangi kila sentimita 10, kwa sababu nitakayoieleza, na bakora hiyohiyo ndiyo iliyonifikisha kwa sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini.

Siku yenyewe mwezi ulikuwa wa siku kumi na sita, maji kukauka saa tano kasorobo. Jambiani niliondoka mapema, Paje nikapita salama. Pale kaa kati ya ufukwe na mashamba ya mwani, usikate katikati ya mashamba. Kinamama wanalima mwani huko tangu mwaka 1989, vigingi vimejaa, na kamba iliyozama sentimita tano humwangusha mtu vizuri zaidi kuliko ile inayoonekana. Na usivutwe kwenda nje kuelekea mwambani eti kumekauka. Maji yakirudi hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, na wewe bado unatazama mchanga mkavu ulio mbele.

Kikwazo kingine ni kuta za hoteli zilizojengwa mpaka chini pwani. Maji yakijaa hakuna pa kupita, kwa hiyo zipite mapema. Kwenye mmojawapo askari alinipigia filimbi.

"Mzee, hapa biashara hairuhusiwi."

"Siuzi kitu, mwanangu."

Akalitazama begi. "Kazi pia hakuna."

Nikafika Bwejuu saa tano. Hapo panahitaji uamuzi: uendelee Dongwe kwa chini, au upande barabarani. Uamuzi huo haufanywi kwa macho, unafanywa kwa hesabu. Kina cha bamvu chetu, kutoka kukauka mpaka kujaa, ni kama mita nne. Kigawe mafungu 12. Saa ya kwanza linaingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa hiyo mwanzo utadhani maji yamelala, sentimita 33 tu kwa saa nzima. Ukishaingia saa ya tatu yanapanda mita kamili, yaani sentimita 16 au 17 kila dakika 10. Ndiyo maana ya mistari ya bakora: unaichomeka ukingoni, unatazama saa, unasubiri dakika 10, unasoma.

Basi nikaichomeka. Nikachora mafungu yangu mchangani, nikasimama nimeikabili bahari, kopo la simu linaning'inia shingoni, nahesabu kwa sauti kwa kuwa hakukuwa na wa kumsumbua: "Moja, mbili, tatu, tatu, mbili, moja."

Wa kumsumbua walikuwepo. Nyuma yangu walikuwa wamesimama kinamama kama wanane waliokuwa wanatoka kwenye mwani, na magunia yao kichwani.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema mkubwa wao, kwa ile sauti laini ya kuongea na mgonjwa.

"Marahaba."

"Unakwenda wapi?"

"Pingwe."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Natembea tu."

Wakatazamana. "Gari zipo, baba. Umekosa nauli?"

"Nauli ninayo."

Hilo ndilo lililowatisha. Mtu mzima anayo nauli, gari ipo, naye anakwenda kwa miguu juani! Yule mama akatua gunia lake akanijaribu akili. "Leo siku gani, mzee wangu?"

Nilikuwa ndani ya hesabu ya maji. Nikamjibu: "Kumi na sita."

Mmoja akasema "Masikini," mwingine akatumwa kwa sheha.

Simu ikalia koponi. Kifuniko kimekaza, mikono yangu ina chumvi, nikawa nazungusha kopo na kopo linalia. Binti mmoja akalichukua kwa adabu, akalifungua, akapokea mwenyewe. Aliyepiga alikuwa mwanangu wa kike, yuko Kikwajuni, mjini.

"Ndiyo, dada, yupo hapa Bwejuu. Mzima. Ila anahesabu." Kimya. "Sijui anahesabu nini. Anafika tatu, anarudia tatu, halafu anashuka." Nikamsikia mwanangu anaanza kulia, nami nimenyoosha mkono niombe simu, na mama mwingine anaushika ule mkono anaukanda.

Sheha akaja na Vespa. Mtu wa heshima, hakuwa na haraka. Akaisoma michoro ya mchangani, akaizunguka asiikanyage, akaniuliza mtu wa wapi, nimetoka wapi, naenda wapi.

"Pingwe una nani?"

"Sina mtu."

"Watoto wanajua?"

"Wanajua niko Jambiani."

"Na hapa ni Bwejuu," akasema, kwa upole kabisa.

Nikamwambia wageni wanapita hapa kila siku na mabegi makubwa kuliko langu, wala hawaitiwi sheha. Akasema wale wana hoteli na pasipoti. Kwa sheria ya kijiji sina hakika, ila kwa hoja alinishinda. Tangu hapo, nikiulizwa pwani naenda wapi, najibu naenda msibani. Hakuna anayemzuia mtu wa msibani, na mara nyingi hupewa maji.

Shilingi elfu tatu zikachangwa mbele yangu. Nilipozikataa ikawa ushahidi mwingine. Nikapandishwa daladala namba 324, nikakalishwa nyuma ya dereva, na sheha akamkabidhi konda: "Huyu ni amana. Asishuke mpaka Mwanakwerekwe, binti yake atampokea." Bakora yangu akapewa konda.

Tulipopita Paje akapanda mvuvi, mzee mwenzangu, na kapu la pweza. Akaiona bakora ina mistari, akauliza ya nani. Nikamweleza. Gari zima likanyamaza kusikiliza.

"Hesabu hiyo ni ya bahari kuu," akasema. "Kwetu kuna mwamba. Maji ya nje yanapanda, ya ndani yamelala kwa kuwa mwamba umeyazuia, yanapenya mikondoni tu. Yakishapita juu ya mwamba yanaingia yote kwa pamoja. Saa yako ya kwanza huku haina hata moja."

"Na bakora haikusogea dakika 10 nzima!" nikasema.

"Haiwezi. Kisha ingesogea usipate kuikimbilia."

"Kwa hiyo tuseme sufuri, moja, tatu, nne..."

"Nne!" akapiga goti. "Sufuri, moja, tatu, nne, tatu, moja."

"Jumla 12."

"Jumla 12!"

Tukairudia pamoja, kwa vidole, mpaka Jozani. Kiti cha nyuma kulikuwa na mama amempakata mtoto. Akamgusa konda begani, akamwambia taratibu:

"Konda, mpigie sheha. Wamekuwa wawili."