Kijani cha Septemba: setilaiti inaona nini bondeni Lubumbashi?

Septemba, mvua ikiwa imekatika tangu Aprili, pita mabonde ya Lubumbashi utazame. Majani yote yamekauka, isipokuwa matuta ya mboga. Hapo kuna mtu aliyemwagilia asubuhi. Wanaotetea setilaiti wanaanzia hapohapo: piga picha ya kiangazi kutoka angani, tafuta palipo kijani, na ramani ya umwagiliaji umeipata bila kukanyaga tope.

Hoja hiyo huku kwetu ina nguvu kuliko kwingi. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 5 hivi, na picha zake ni za bure. Adui wake ni mawingu, na hilo ndugu zetu wa Bukavu na Goma wanalijua. Sisi toka Mei mpaka Septemba mbingu haina mawingu, labda moshi wa mioto ya pori tu. Mwenye hekta 50 za mahindi ya kumwagilia anaweza kuona kona iliyoanza kudhoofika kabla hajaifikia kwa miguu. Na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2017 ilifungua hazina ya takwimu ya WaPOR, inayokadiria maji yanayopotea kama mvuke kutoka mashambani Afrika nzima. Bondeni hakuna anayehesabu ndoo; kadirio kama hilo si la kudharau.

Lakini shuka bondeni. Tuta la lengalenga (mchicha) lina upana wa hatua moja na nusu, urefu mita 10 hivi. Mama anabeba ndoo mbili za kumwagilia, moja kila mkono, anakwenda na kurudi kisimani mpaka jua likaze. Pikseli moja ya Sentinel-2, yaani kile kipande kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10 ardhini. Humo yanaingia matuta yake matano au sita: lililovunwa jana, lililopandwa leo, shu (kabichi) za jirani, njia, na kisima chenyewe. Vyote vinatoka rangi moja. Joto la majani, ambalo ndilo linalomtambulisha mmea wenye kiu, setilaiti za Marekani za Landsat hulipima kwa pikseli za mita 100 kwa 100, yaani hekta nzima. Ukimwambia mama huyo kwa picha hiyo kwamba tuta lake lina kiu, umemdanganya.

Tena si kila kijani kimetoka kwenye ndoo. Dambo, yaani bonde lenye unyevu wa asili, hubaki bichi katikati ya kiangazi bila kumwagiliwa na mtu. Miembe nayo haingoji mtu.

Kinachoniuma zaidi ni maji yenyewe. Huu ni mji wa madini, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima shaba na kobalti kwa wingi katika udongo na mboga za bustani zetu. Lengalenga la maji machafu laweza kung'aa angani sawasawa na la kisima safi. Ramani inayohesabu kijani peke yake italiandika bonde hilo kati ya yaliyofanikiwa, na watoto wetu ndio wanaokula.

Kuna na habari ya ardhi. Wengi wanalima bila karatasi. Picha inayomwonyesha mtaalamu penye maji inamwonyesha pia anayetafuta parseli (viwanja) za kuuza. Ila kumbukumbu za Landsat, za bure tangu 2008, zinarudi nyuma miaka mingi. Bonde ambalo kila Septemba linaonekana kijani lina shahidi wa kusimama upande wa waliolilima, na kwangu hiyo ni sababu nzito ya kutoikataa teknolojia hii.

Ningeanza na picha moja ya Septemba, ichapishwe kwenye karatasi kubwa, ipelekwe bondeni saa wanapopumzika. Akina mama waweke kidole: kisima hiki, mfereji huu, maji haya yanatoka upande wa kiwanda, hapa ni dambo. Nakala ya kwanza ibaki mikononi mwao, kabla haijafika ofisi yoyote.