Mstari wa Usangu: nani anaujua mpaka?

Wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, ukitaja "GN 28" huhitaji kufafanua. Ni tangazo la serikali la mwaka 2008 lililoliingiza lililokuwa Pori la Akiba Usangu ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, eneo lote likapita kilomita za mraba 20,000. Ikawa hifadhi kubwa kuliko zote nchini wakati ule. Kwenye ramani mstari ulikuwa umekamilika. Ardhini, mabishano ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Hoja ya serikali ya kulinda maji ina uzito, na wanaoipuuza hawajasimama kando ya Mto Ruaha Mkuu mwezi wa Oktoba. Mito Mbarali, Kimani na Chimala inateremka kutoka milima ya Kipengere hadi Bonde la Usangu, maji yanatuama kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha yanatoka kwa kupita juu ya mwamba wa Ng'iriama. Kina cha maji kikishuka chini ya mwamba ule, hakitoki kitu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakibanana kwenye vidimbwi vya tope. Huohuo ndio mto unaopeleka maji Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme. Mwenye kutaka Ihefu ilindwe kisheria hakosei.

Lakini msikilize na mkulima wa Luhanga au Madundasi. Kijiji chake kina mhuri wa serikali, na tangazo linalomwambia yumo hifadhini lina mhuri wa serikali hiyohiyo. Oktoba 2022 alitangaziwa kwamba vijiji vitano, pamoja na vitongoji kadhaa vya vijiji vingine, vitaondolewa. Mwaka uliofuata mipaka ikatangazwa upya kwa GN 754. Familia iliyochimba majaruba, ikapitisha mfereji na kuzika wazee wake pale haiwezi kuhesabiwa kuwa mvamizi kwa sababu tu tangazo limebadilika namba.

Kinachonisumbua zaidi ni namna mpaka wenyewe unavyoandikwa. Jedwali la tangazo linaorodhesha majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, na nukta hizo anazisoma mpima ardhi mwenye kifaa chake, si mchunga ng'ombe. Milimani tatizo hili ni dogo, kwa kuwa ukingo wa mlima au ukuta wa msitu unaonekana hata kwa mbali. Usangu ni tambarare. Masika maji yanatapakaa, kiangazi yanarudi nyuma kilomita nyingi, na ufuko wa Februari si ufuko wa Septemba. Mpaka ukifuata maji, unahama kila msimu. Ukifuata nukta, hauonekani. Bila bikoni, yaani nguzo za mpaka, zilizo karibu karibu, zilizosimikwa mbele ya wenyeji na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano wa kijiji, kumkamata mtu kwa "kuvuka mpaka" ni kumwonea.

Na tuseme ukweli mwingine ambao pande zote mbili huukwepa: mstari wa tambarare hauongezi maji. Maji ya kiangazi yanachepushwa huko juu, kwenye mifereji ya mashamba makubwa na madogo ya mpunga, kabla hayajafika Ihefu. Unaweza kuondoa vijiji vyote vitano, na kama malango ya mifereji ya juu yamebaki wazi Septemba nzima, Ng'iriama patabaki pakavu. Ndiyo maana naona kuwahamisha watu wa chini kabla ya kudhibiti maji ya juu ni kuanza na mnyonge.

Mvutano huu umeshagharimu fedha pia. Mradi wa REGROW, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2017 kukuza utalii wa kusini, ulisitishiwa fedha Aprili 2024 baada ya malalamiko ya wanavijiji, na Novemba ukafutwa.

Mimi ningeubakiza moyo wa Ihefu ndani ya hifadhi bila kuuregeza. Maeneo ya pembeni yaliyolimwa kabla ya 2008 ningeyapima upya, nikiwa na viongozi wa vijiji, na ramani ya zamani mkononi. Pale ambapo mtu lazima aondoke, Ibara ya 24 ya Katiba inataka fidia inayostahili, na fidia hiyo ilipwe kabla mpunga wa msimu haujapandwa, si baada ya tingatinga kupita.