Dakika sita juani: wazee wa mitaa ya kale na ushauri wa kubaki ndani

Kila joto linapopanda, wazee huambiwa yale yale: kaeni ndani, fungeni madirisha ya upande wa jua, kunyweni maji. Ushauri huo huokoa maisha, na kwa siku tatu nne za hatari sina ugomvi nao. Ugomvi wangu unaanza pale ushauri wa dharura unapogeuka kuwa mpango wa mji, hasa katika mitaa ya kale inayolindwa na sheria za urithi. Mzee akihesabiwa kuwa mtu wa ndani, mji hauoni sababu ya kubadilisha chochote nje.

Wanaotetea msimamo huo wana hoja nzito. Mwili wa mzee hutoa jasho kidogo, moyo wake haupeleki damu nyingi kwenye ngozi, na kiu humjia kwa kuchelewa. Zile dawa za presha zinazoongeza mkojo humkausha zaidi. Mara nyingi mwili unakuwa umeshazidiwa kabla yeye mwenyewe hajalalamika. Kisha wanasema mtaa wa kale tayari una ubaridi wake, kwa kuwa waliojenga walilijua jua. Hapo ushahidi wao ni mzuri. Vipimo vilivyofanywa Fez, Moroko, na kuchapishwa mwaka 2006, vilionyesha kwamba wakati wa kiangazi joto la juu kabisa la mchana katika kichochoro chembamba cha mji wa kale lilikuwa chini kwa wastani wa nyuzi 6 kuliko katika mtaa mpana wa kisasa. Siku zenye joto kali zaidi tofauti ilifika nyuzi 10. Wanaongeza kwamba kupanda miti ya kivuli kuna hasara: mizizi yake hufumua misingi mifupi ya mawe na chokaa, na maji ya kumwagilia hupanda ukutani na chumvi yake hadi lipu ikabanduka.

Mengi ya hayo nayakubali. Hata hivyo, Fez hiyo hiyo ilionyesha kwamba kichochoro kilichomfaa mtu kiangazi kilimtesa kwa baridi majira ya baridi, wakati mtaa mpana ulipata jua la kumpasha. Tena mzee haishi kichochoroni tu. Kichochoro humtoa nyumbani, kisha humwacha kwenye uwanja uliosakafiwa mawe, na duka la dawa liko ng'ambo.

Mtazame bibi anayeufika ukingo wa uwanja kama huo saa tisa alasiri. Hakati katikati, anafuata ukuta, pale paa linapotupa ukanda wa kivuli unaomtosha yeye na mkongojo wake. Kivuli kinapokatika, anasimama. Kuna kibaraza cha mawe karibu, anakigusa kwa kiganja, anaondoa mkono, anaendelea kusimama. Ukipima hewa pale alipo na hewa ya hatua tano mbele juani, utakuta tofauti ndogo sana, pengine nyuzi moja. Lakini mwili haupokei joto kutoka hewani peke yake. Hulipokea moja kwa moja kutoka kwenye jua, kwenye sakafu na kwenye ukuta uliochomwa tangu asubuhi, na ukipima joto la miale hiyo, tofauti kati ya kivuli na jua inaweza kuzidi nyuzi 20. Kiganja cha bibi kimeligundua jambo ambalo kipimajoto cha kawaida hakilioni.

Wataalamu wanalijua hili, ndiyo maana wana vipimo kama PET na UTCI, vinavyochanganya hewa, unyevu, upepo na miale na kutoa namba moja ya joto ambalo mwili unalihisi. Kinachonisumbua ni mtu wa mfano aliyefichwa ndani ya vipimo hivyo. Yule wa PET ni mwanamume wa miaka 35, mwenye urefu wa mita 1.75 na uzito wa kilo 75. Wa UTCI anatembea kilomita 4 kwa saa, yaani takriban mita 1.1 kila sekunde. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta watu wa miaka 65 na zaidi wakitembea kwa wastani wa mita 0.9 kwa sekunde kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake.

Chukua sasa mita 300 zisizo na kivuli. Mtu wa mfano anazimaliza kwa dakika 4 na nusu. Mwanamke mzee wa wastani anahitaji dakika 6 na robo, na hapo hajasimama hata mara moja. Mpe mfuko mkononi na goti linalouma, umruhusu apumzike mara mbili, na dakika 10 zimekwenda. Ripoti itaandika nyuzi zile zile kwa wote wawili, ilhali muda wake juani umezidi mara mbili. Na bado hajaanza safari ya kurudi. Mtu wa mfano anaweza kubadilishwa, na wapo watafiti wanaofanya hivyo. Ila namba inapofika mezani kwa anayeamua kama uwanja uwekwe kivuli au la, umri wa huyo mtu haumo tena kwenye ukurasa.

Abaki ndani basi? Hapa Chicago ya Julai 1995 inahitaji kukumbukwa. Wimbi la joto liliua watu zaidi ya 700, na utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulikuta kwamba miongoni mwa waliokuwa hatarini zaidi ni walioishi peke yao na wale ambao hawakutoka nyumbani kila siku. Mpinzani makini atasema wasiotoka walikuwa wagonjwa tayari, na kwa sehemu yuko sahihi, maana wagonjwa wa kitandani nao walikuwamo katika hatari hiyo. Lakini utafiti huo huo ulikuta pia kwamba kuwa na marafiki wanaoishi karibu na shughuli za pamoja kulimkinga mtu. Marafiki hao hupatikana nje ya mlango. Mzee aliyezoea kukwepa uwanja kwa miezi mitatu hana wa kumgongea siku ya nne ya wimbi la joto, wakati kuta nene zilizokuwa zikimlinda zimeshajaa joto na kuanza kulirudisha ndani usiku.

Sipendekezi miti kila mahali. Pale penye mabaki ya kale chini ya ardhi, wahifadhi wana haki ya kukataa jembe. Lakini kati ya jembe na kutofanya lolote kuna nafasi kubwa. Mkataba wa Burra wa Australia, mwongozo wa kuhifadhi maeneo ya urithi uliopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1979 na kuheshimiwa na wahifadhi wengi, unataka mabadiliko yanayopunguza thamani ya mahali yaweze kuondolewa. Turubai huondolewa. Sevilla, Hispania, hutandaza maturubai juu ya mitaa ya katikati ya mji wake wa kale kila kiangazi, kisha huyashusha, na jua la majira ya baridi hurudi kuwapasha watu. Lile tatizo la Fez linapata jibu lake hapo, bila jiwe kuharibiwa.

Kuna kingine kinachoniuma zaidi ya turubai. Katika viwanja vingi vya kale kivuli tayari kipo, ila kiko juu ya viti vya mgahawa. Ukitaka kukaa, agiza. Benchi la umma limesukumwa juani, au ni la chuma, au halina egemeo. Anayeomba benchi hilo lihamishwe huambiwa anaharibu sura ya mtaa wa kihistoria, wakati miavuli 20 ya biashara imeshapewa kibali.

Benchi likihamishwa, liwe la mbao, lenye mgongo na mikono ya kujiinulia, katikati ya zile mita 300, upande unaopata kivuli kuanzia saa nane mchana. Na anayechagua mahali pake aipite njia hiyo kwanza kwa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde, alasiri, akiwa amebeba mfuko.