Mkaratusi wa Mzee

Fundi amenipigia simu asubuhi kuniarifu kwamba leo haji kazini kwa sababu kuna mti juu ya paa. Kana kwamba mimi nilikuwa nangoja taarifa. Bwana fundi, aliyelala chini ya huo mti ni nani?

Mvua ya masika mnaijua, sitaieleza. Stima ilipotea mapema kama desturi yake, upepo ukaanza ugomvi na turubai, na kulipopambazuka nikakuta mkaratusi wa jirani umeingia kwangu bila hodi. Umeangusha ukuta wa mawe ya Ndarugo ambayo bado nadaiwa, kisha ukajilaza kwenye mabati mapya. Mapya! Geji 28, rangi ya damu ya mzee, ambayo mama watoto aliichagua baada ya kunizungusha Industrial Area yote. Upande wa pili, mabati makuukuu yenye kutu tangu enzi za Moi, yale tuliyokuwa tuyang'oe wiki ijayo, hayakuguswa hata na jani. Mti ule una macho.

Nikavaa koti. Mtu mzima haendi kuzungumzia mali akiwa amevaa kandambili. Jirani yangu ni mzee mstaafu wa reli, na huku Waithaka heshima ndiyo kitu pekee ambacho bado hakijapanda bei.

"Habari ya asubuhi, mzee. Nimekuja kuhusu mti wako."

Akanitazama juu ya miwani. "Mti upi?"

"Ule mkaratusi."

"Wangu huu hapa," akasema, akinyoosha bakora kuonyesha shimo lenye mizizi imekaa juu juu. "Huo mwingine, Baba Mapacha, uko kwako. Kilicho kwako ni chako."

Muelewe huyu ni nani. Huyu ni mzee ambaye ukuni mkavu ukidondoka upande wangu, hata wa urefu wa kidole, anamtuma mjukuu: "Guka anasema ule ni wake." Magome nimerudisha. Matawi nimerudisha. Leo shina zima limevuka, ni zawadi!

Nikakohoa kistaarabu nikamkumbusha habari za paa. Hapo ndipo akaniketisha. Akaniambia nisiudharau mti ule, kwamba mababu zake waliletwa nchini mwaka 1902 ili wawe kuni za garimoshi la Uganda, na bila mkaratusi kusingekuwa na Nairobi, na bila Nairobi mimi ningekuwa nachunga mbuzi. Nikamwambia mzee, reli imekula kuni zake ikashiba, safari hii kilicholiwa ni sebule. Akaagiza chai. Haikuja.

Nikarudi kwangu nikamkuta mnunuzi wa mbao ameshafika na futi ya kupimia. Nairobi mti ukianguka, dalali anajua kabla ya mwenye paa. Akauzunguka, akaugongagonga, akasikitika sana jinsi ulivyo mbaya, akataja elfu 12.

Sijafungua mdomo. Nasikia nyuma yangu, "Ngoja kwanza!" Mzee yuleyule wa bakora, ambaye dakika chache zilizopita magoti yalikuwa yanamzuia kunisindikiza hadi langoni, amepita kwenye pengo la ukuta amesimama juu ya gogo.

"Huu mti niliupanda kwa mikono yangu hii!"

"Mzee, si umesema ni wangu?"

"Kivuli ndicho kilikuwa chako. Shina ni langu."

Mnunuzi akatoa kalamu. Akauliza basi aandike jina la nani, maana mbao haziwezi kusafiri bila kibali, na wakimsimamisha njiani watataka kujua mwenye mti ni nani na nani aliruhusu ukatwe. Kimya. Nyote mnajua kukata mti Nairobi bila kibali ni kesi. Mzee akashuka kwenye gogo polepole, akanishika bega kama mwanawe.

"Jina andika Baba Mapacha," akamwambia mnunuzi. "Pesa nitapokea mimi."

Jamani! Nimeuliza kama mti wenyewe uliomba kibali cha kuanguka, hakuna aliyecheka. Na mjue kwamba siku ile ya mapumziko ya kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023, wakati wengine wetu tulipanda mche mmoja tukapiga picha, mzee huyu alipanda safu nzima ya mikaratusi kando ya ukuta wangu. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Nitakuwa nimelala upande gani wa nyumba?

Nimechoka, niseme kweli. Mkopo wa sacco unakatwa paa likiwepo lisiwepo. Vitabu vya mapacha tumevianika kwenye kamba ya nguo. Mwenye pawa soo, ule msumeno wa injini, anataka malipo ya kupanda na malipo mengine ya kushuka. Fundi naye, aliyekataa kuja, ameangalia picha kwenye simu akaamua kenchi zote zimepinda na lazima tuanze upya, kisha nikimpigia: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Magogo yakaenda. Majani nimeachiwa. Akina mama wa ploti wamejaa uani na magunia, wanachuma majani ya kujifukiza mafua, na habari imefika hadi Nakuru kwa mama mkwe, ambaye hakuuliza habari za paa. Anataka gunia moja, kifua kinambana. Nimelipeleka stejini. Makanga analitazama anasema hilo ni abiria mzima, lilipe nauli. Nikamwambia liweke kwenye buti. Buti, anasema, ina kuku, na kuku hawapendi harufu ya mkaratusi. Amewauliza lini?