Kasi ya mtandao haitoshi kuokoa salamu

Hoja hii naisikia mara kwa mara Kampala: kwa nini kijana wa uhandisi pale Makerere atumie miaka akichunguza namna sauti na picha zinavyosafiri papo kwa papo mtandaoni, wakati WhatsApp inapiga simu vizuri tu na Google ilishatoa WebRTC, teknolojia ya kupiga simu za sauti na video kwa intaneti, bure tangu 2011? Nchi ivute mkongo, isimamishe minara, yatakwisha.

Ina uzito. Kabla ya 2009 tulitegemea sana setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu yetu, na neno kupanda na kushuka lilikula kama robo sekunde. Mwaka huo mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ikafika Mombasa, EASSy ikafuata 2010. Kazi ya kupunguza kuchelewa huko ilifanywa na mkongo, na mtu mkweli lazima akubali.

Lakini shangazi yangu anauza mukene, yaani dagaa, Busia, mpakani na Kenya. Akinipigia kwa intaneti saa mbili usiku, sauti inakatakata, kisha maneno matano yanakuja kwa mkupuo. Akinipigia saa kumi na moja alfajiri, kwa simu ileile, akiwa palepale uani, nasikia hadi jogoo wa jirani. Umbali wa Busia na Kampala ni uleule. Kinachobadilika ni foleni: jioni kila mtu yuko mtandaoni, na mitambo ya njiani huzirundika pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, zilizozidi zisubiri zamu. Anayepakua filamu hana hasara. Kwa anayeongea, pakiti iliyochelewa ni sawa na iliyopotea. Ukipanua njia foleni itapungua kwa muda, halafu video zitaijaza tena.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, linashauri sauti ichukue milisekunde zisizozidi 150 kutoka mdomoni hadi sikioni, na mtandao usipangwe kuvuka 400. Namba hiyo ya 150 hainitoki kichwani. Watafiti waliopima mazungumzo katika lugha kumi na kuchapisha matokeo 2009 walikuta mtu huanza kujibu takriban milisekunde 200 baada ya mwenzake kunyamaza. Sasa fikiria salamu zetu: "Habari?" "Muzuri." "Za watoto?" "Wazima." "Za kazi?" Zinapokezana haraka kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Sauti ikichelewa 400 kwenda na 400 kurudi, shangazi anaona nimenyamaza, anauliza la pili, na swali lake linagongana na jibu langu la kwanza. Anadhani nimekasirika. Ameshaniuliza hivyo mara mbili.

Na bajeti hiyo ya 150 huisha upesi. Simu ya watu wawili walio Uganda ikipitishwa kwenye seva ya Ulaya, hata tuhesabu kilomita 6,000 tu kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi ni 12,000. Mwanga ndani ya mkongo hukata kama kilomita 200 kwa milisekunde. Sitini zimeondoka, na mkongo haupiti njia iliyonyooka.

Hesabu inayonisumbua zaidi ni ya bando. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, hamsini kila sekunde. Opus, kodeki (mbinu ya kubana sauti) iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2012, ikienda kwa kilobiti 12 kwa sekunde, kila kipande kina baiti 30 za sauti. Juu yake huvikwa vichwa vya IP, UDP na RTP, yaani maelezo ya kuifikisha pakiti na kuipanga, baiti 40. Bahasha nzito kuliko barua! Kwa saa moja ni megabaiti 7.2 za bahasha na 5.4 za sauti, kila upande, na shangazi hununua bando la siku kwa faida ya mukene.

Unaweza kutia vipande vitatu katika pakiti moja. Bahasha zinashuka hadi megabaiti 2.4, lakini umeongeza milisekunde 40 za kusubiri, na pakiti moja ikipotea vipande vitatu vya sauti vimekwenda pamoja. Lipi bora Busia saa mbili usiku? Inategemea pakiti ngapi zinapotea pale, saa ile. Ni kweli WebRTC hujirekebisha yenyewe mtandao unapobadilika, ila kanuni za kujirekebisha huandikwa na mtu, na mtu hupima mtandao alionao.

Tena utafiti wa namna hii si kazi ya mabilioni. Mwaka 2001 UIXP, kituo cha watoa huduma kubadilishana data, ilianzishwa Kampala ili data inayotoka Uganda kwenda Uganda isizunguke ng'ambo. Yalikuwa maelewano ya watoa huduma na mitambo michache. Vyuo vikuu tayari vimeunganishwa na RENU, mtandao wao wenyewe wa utafiti na elimu. Ningekuwa msimamizi wa mwanafunzi mmoja tu, ningempa simu mbili na nauli ya Busia, akae sokoni wiki nzima kuanzia jioni hadi alfajiri, aniletee milisekunde ngapi zinaliwa na mnara, ngapi na foleni, ngapi na safari ya Ulaya.