Ruaha Mkuu: ng'ombe wamekunywa kiasi gani?

Tangu mto Ruaha Mkuu ukauke ndani ya hifadhi mwaka 1993, kidole kimekuwa kikielekezwa kwa wafugaji. Kuanzia 2006 waliondolewa kwa nguvu Usangu, bonde linaloupa mto huo maji kabla haujafika hifadhini; wengi wakaswaga mifugo hadi Lindi, na mwaka 2008 eneo walilotolewa likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto haukuacha kukatika kiangazi.

Madai dhidi yao yana uzito. Makundi makubwa hukanyaga ardhioevu ya Ihefu na kumaliza majani yanayoshika udongo. Anayewaona viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope, mgongo kwa mgongo, lazima aulize maji yao yamekwenda wapi.

Basi tupige hesabu. Ng'ombe wa kienyeji ni nadra kumaliza lita 40 kwa siku. Tumpe hizo 40. Tuchukue ng'ombe laki tatu. Wote pamoja wanakunywa mita za ujazo 12,000 kwa siku, na kwa siku 100 za kiangazi ni milioni 1.2. Hekta moja ya mpunga hutumia mita za ujazo 10,000 kwa msimu, mara nyingi na zaidi. Kundi lote hilo, kiangazi kizima, limekunywa maji ya hekta 120! Shamba la mpunga la Kapunga, huko huko Usangu, peke yake lina hekta zipatazo 3,000, na hapo hatujagusa mashamba ya Mbarali wala Madibira.

Kweli, mpunga hunywa zaidi masika, mto ukiwa umejaa. Ila mvua zikiisha mabanio, yaani milango ya kuingizia maji ya mto mferejini, hayafungwi. Mwezi Septemba maji bado yanaingia mferejini na kuzama kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa. Watafiti waliopima mito ya Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 waliona hivyo hivyo: kinachoukausha mto hasa ni maji yanayochepushwa kiangazi.

Mkulima naye ana haki yake. Mfereji ndio bomba la kijiji. Humo mama anachota maji ya kupikia na kufulia. Ukifunga banio bila kumchimbia kisima, umemwonea kama alivyoonewa mfugaji. Lakini kisima kinachimbika, na kilikuwa kinachimbika hata mwaka 2006, kabla familia hazijaambiwa zikusanye ng'ombe na kuondoka.