Mkono Wangu Ulivyouza Mnara

Kwenye kamati ya changizo nilipewa kazi isiyoweza kumshinda hata mtoto: kulinda modeli ya jengo. Wenzangu walikuwa na kazi za maana, kama kuwafuatilia wale walioahidi mwaka uliopita halafu simu zao zikawa hazipatikani kwa sasa.

Chuo kilitaka jengo jipya la sanaa, lenye studio za uchoraji na uchongaji, vyumba vya mazoezi, na ukumbi wa maonyesho. Hadi wakati huo tulikuwa tunaigizia kwenye ukumbi wa mihadhara, mfalme akifa anaburutwa mbele ya ubao wenye hesabu za watu wengine.

Wanafunzi wa usanifu walitutengenezea modeli ya kadibodi kwa skeli ya 1:100, na viti vyekundu vidogo kama punje. Viti hivyo tulikuwa tunaviuza kwa majina: ukichangia kiti, jina lako linabandikwa mgongoni mwake. Mbinu hii si yetu. Ukumbi wa Globe, ule wa tamthilia za Shakespeare, ulipojengwa upya London, waliochangia waliandikwa majina kwenye mawe ya uani, na inasimuliwa kwamba mchekeshaji John Cleese aliongeza pesa ili jina la rafiki yake Michael Palin likosewe herufi. Mpaka leo linasomeka "Pallin". Profesa, mwenyekiti wetu, alitukataza kuwasimulia wafadhili kisa hicho, asije mtu akaomba huduma hiyo.

Viti vilikuwa vinauzika. Kilichotusumbua ni mnara. Juu ya jukwaa la kisasa huwa kuna mnara mrefu, kwa kawaida mara mbili na nusu ya kimo cha mdomo wa jukwaa (ule uwazi wa mbele ambao watazamaji huonea mchezo), au zaidi, ili pazia lenye mchoro wa msitu lipae lote likajifiche huko juu na lenye kasri lishuke. Mtazamaji haoni kitu. Na kisichoonekana hakichangiwi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshatuuliza kikaoni, "Huko juu atakaa nani?" Profesa akaeleza kwa nusu saa. Yule bwana akasikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Basi kateni hapo, mtaokoa pesa."

Ndiyo maana mnara wa modeli uliachwa bila paa, watu wachungulie wenyewe waone vipazia vinavyoning'inia kwenye nyuzi.

Jioni ya shughuli niliondoka mezani dakika mbili tu kumsaidia fundi wa kipaza sauti. Niliporudi nikamkuta mama mmoja aliyevaa kiheshima akidumbukiza bahasha mnarani. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Wageni walikuwa wameona tundu, na kwenye shughuli ya mchango tundu lina maana moja tu. Sanduku lenyewe la michango lilikuwa mlangoni, ila wanafunzi wa sanaa walilipamba mno, watu wakadhani ni kinyago. Walikuwa wanapiga nalo picha.

"Asante sana mama, Mungu akubariki," nikasema, nikangoja foleni iishe, nikakunja shati na kutia mkono mnarani.

Kuingia uliingia. Nikazipapasa bahasha pale jukwaani, nikazikamata zote saba kwa mpigo, nikavuta. Ngumi ikagoma. Nikaziachia bahasha, maana nyani peke yake ndiye anayenaswa kwa kung'ang'ania. Nikavuta tena. Sasa ni saa yangu ya mkononi iliyokuwa imejifunga kwenye nyuzi za mapazia, na kila nilivyozungusha kifundo ndivyo zilivyozidi kukaza.

Wakati huohuo mshereheshaji akatangaza, "Tunamkaribisha mheshimiwa mgeni rasmi aje kutazama modeli!"

Nilifanya lile ambalo mtu mwenye akili asingelifanya. Nilikimbia. Jengo zima la sanaa likanifuata, limevaa mkono wangu hadi kiwiko, huku safu tatu za viti zikipukutika zuliani. Mlangoni nikakutana na mgeni rasmi uso kwa uso. Akaninyooshea mkono. Nami kwa mazoea nikanyoosha wa kulia.

Alilishika jengo kwenye kona ya studio za uchongaji, akalitikisa kwa heshima, akasema, "Hongereni, ni jepesi."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Profesa akaninong'oneza, "Tulia mwanangu. Globe ya kwanza iliungua 1613 kwa mzinga uliopigwa katikati ya onyesho. Suruali ya mtu ikashika moto, ikazimwa kwa pombe. Wewe hujaungua." Kisha akanisukuma jukwaani.

Sikuwa na la kusema. Nikainua jengo, nikachezesha vidole. Kwenye mdomo wa jukwaa wakaonekana waigizaji watano, pamoja na kipazia cha msitu kilichonikwama kidoleni. Nikakunja vidole juu: msitu ukapotea. Nikashusha: msitu ukarudi.

"Ahaa!" ikatoka sauti nyuma. Alikuwa yule mfanyabiashara. "Kumbe ndiyo kazi ya huko juu! Rudia."

Nikarudia. Akaahidi kuuchangia mnara. Mwenzake wa meza ya pili akaahidi zaidi ikiwa nitakaa hivyohivyo hadi mwisho wa shughuli. Mama wa bahasha akapanda dau ili nifunguliwe, akisema, "Mwacheni mtoto wa watu." Wakashindana hivyo kwa muda mrefu, na sijawahi kusali kama nilivyosali mama yule ashinde. Alishindwa. Nilikaa.

Mkasi ulipoletwa baadaye, mwanafunzi aliyezifunga zile nyuzi alisimama mbele yangu. "Ndugu, hizi ni wiki tatu za usingizi wangu. Kata saa." Tukakata mkanda wa saa.

Modeli ipo ofisini kwa Profesa, na saa yangu bado inaning'inia mnarani. Kila ikitimia saa kamili inalia pii, na Profesa huwaambia wageni kwamba hiyo ni kengele ya kuanza onyesho.